Mstari Niliouruka

Domina alinipigia simu asubuhi nikiwa shambani napalilia maharage. Hakuzunguka. "Anatoli, mama yangu ametutoka jana. Tunazika kesho saa nane, huku huku Nyakahura. Kama utakuja, njoo." Kisha akakata. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka kumi na kitu, na kosa lilikuwa langu, maana sikuwahi kumtafuta. Nilikaa juu ya tuta nimeshika jembe, na ninachokumbuka kwa aibu ni kwamba kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Nilijiambia: basi, sasa yule mama hatakuja tena kuniuliza. Nikarudi kupalilia na nafuu yangu kifuani, nikamaliza matuta mawili, na kwenye tuta la tatu nikajikuta nimekaa chini tena nalia, mtu mzima mwenye mvi na miwani ya kusomea, katikati ya maharage yangu mwenyewe. Mke wangu aliniona kwa mbali, akadhani nimeumwa na nyoka.

Nyakahura iko upande wa Biharamulo. Kutoka kwetu Ngara si safari ndefu kwa gari, lakini ardhi inabadilika ukiitazama: milima inajilaza, migomba inapungua, mihogo inashika nafasi. Tulimzika kwa misa fupi, padre alikuwa na mazishi mengine mbele. Baada ya hapo tulinawa mikono, tukaletewa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Domina alinikalisha ndani, si nje chini ya turubai pamoja na wanaume wenzangu, na sikujua kama ni heshima au ni hukumu. Kilikuwa chumba cha mama yake. Kitanda cha mbao, sanduku la bati, picha ya Bikira Maria iliyokunjamana kwa unyevu, madumu mawili ya maji yaliyofunikwa kwa kitambaa safi. Na juu ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na fundo la nyasi kavu lililogeuka jeusi kwa moshi. Nilipoliona, nilirudisha tonge sahanini. Nalijua fundo lile. Nilikuwepo siku lilipokatwa, na mimi ni mmoja wa waliosababisha likatwe.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao hati za kimila za kumiliki ardhi zilifika kijijini kwetu. Wakimbizi wa mwisho walikuwa wameondoka kambi ya Lukole muda si mrefu, malori yalikuwa yanaongezeka mpakani Rusumo, watu wanajenga kila mahali, na kila mwenye akili alikuwa anajiuliza mirunda ya kujengea itatoka wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, ila nina mwandiko. Mwandiko ndio ulionipa cheo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sirili, alisimama kwenye mkutano mkuu akasema kamati ya ardhi inataka mtu ambaye herufi zake hazigombani; watu wakacheka, wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo niliitwa Karani, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo bila kujua jina hilo linavyonichoma.

Ofisi ya kijiji ilikuwa vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yangu, benchi la wageni, na kabati la chuma ambalo mlango wake tuliuzuia kwa jiwe. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mwenyekiti na mtendaji. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, uliishia penye boriti, kwa hiyo kila kilichosemwa kule kilinifikia bila kualikwa. Palinuka wino wa muhuri na popo. Nilikipenda chumba kile, sitadanganya. Niliwasili mapema kuliko wote, nikapanga fomu, nikachonga penseli, nikasubiri watu waje na majina yao. Afisa ardhi alipokuja kutufundisha alituambia mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikaliandika neno hilo kwa herufi kubwa, nikalibandika ukutani juu ya kichwa changu. Leo ningeulizwa ni kitu gani kilichopotea kwa sababu ya daftari, ningekuwa na jibu.

Juu ya kijiji palikuwa na mlima wa nyasi. Sisi tuliuita Mlima tu, ingawa iko milima mingine pande zote. Hakuna aliyeulima. Kila kaya ilikata nyasi zake pale kwa ajili ya kufunika udongo wa migombani, maana kwetu mgomba usiotandikwa nyasi ni kama mgonjwa asiye na blanketi. Chini ya Mlima palikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi bonde dogo lenye matete ambako kiangazi watu walilima maharage mabichi wakati kwingine kote kumekauka. Na Mlima ulikuwa na mwangalizi. Alikuwa mjane mmoja, jina lake la ubatizo Skolastika, sisi tulimwita Mama Domina kwa binti yake, ambaye alisoma darasa moja na mimi. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe wake. Mvua zikianza, alipanda hadi pale njia inapoingia mlimani, akashika vishungi viwili vya nyasi, kimoja kila upande wa njia, akavifunga pamoja kwa fundo. Fundo likiwepo, hakuna mundu unaopita. Nyasi zikishachanua na kumwaga mbegu, alilifungua, habari ikaenda nyumba kwa nyumba kwamba nyasi zimefunguliwa. Kisha alikaa pale njiani siku zote za kukata akiangalia nani anabeba nini. Yeye mwenyewe alikata wa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mwangalizi: anakata wa mwisho, kilichobaki, hata kama kilichobaki ni mashina. Malipo yake yalikuwa matuta machache ya maharage pale bondeni, karibu na chemchemi, na kuamkiwa na watu wazima.

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hili, na sasa naweza kulisema kwa maneno machache ambayo wakati ule nisingeyapata. Kwetu palikuwa na namna tatu za kuwa na ardhi. Ipo uliyopanda migomba, hiyo ni yako, baba yako amelala humo. Ipo uliyoazimwa, humo utalima maharage na mahindi, lakini hupandi mgomba wala mti, na kila mavuno unampelekea mwenyewe kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mnakunywa pamoja, ili pasije pakatokea mtoto wa mmoja wenu akasahau. Na ipo ya kuangaliwa. Hiyo anayeishika haili, na kwa sababu haili ndiyo maana anaaminiwa kuishika. Fomu zilizotoka wilayani, zile nilizozipanga kila asubuhi kwa madaha, zilikuwa na nafasi ya namna ya kwanza tu. Ndivyo nilivyoamini, au ndivyo nilivyopenda kuamini.

Na Mlima haukuwa kitu dhaifu. Miaka ya wakimbizi, watu walitembea saa mbili na zaidi kutafuta kuni, na vilima vingi kati yetu na Lukole vilibaki uchi kama kichwa cha aliyenyolewa msibani. Kundi la wanawake kutoka kambini lilifika kwetu pia, na panga zao. Walimkuta Mama Domina amekaa kando ya fundo lake. Nilikuwa kijana mdogo lakini nakumbuka, maana tulikimbilia kule tukitegemea ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Walisalimiana, lugha yao na yetu ni ndugu, wakakaa chini, wakazungumza kuhusu watoto. Mwisho waliafikiana: miti iliyokufa ya upande wa korongo wachukue, siku mbili kwa wiki, nyasi wasiguse. Nao hawakugusa, miaka yote. Siku hizi wageni wakija wakauliza mbona milima yenu imekuwa hivi, tunajibu haraka kwamba ni wakimbizi. Mimi nimelijibu jibu hilo mara nyingi, nikiwa nimesimama kwenye visiki vyangu mwenyewe.

Siku ya kupima Mlima tulikuwa watu wanne: mpimaji, kijana mpole wa kutoka mjini mwenye kifaa kama simu nene, wajumbe wawili wa kamati, na mimi na daftari. Tulikuwa tumepima mashamba tangu alfajiri na hatujatia kitu mdomoni. Mama Domina alikuwa pale juu anang'oa magugu yaliyokuwa yanaingia kwenye nyasi.

"Shikamoo mama," mpimaji alisema.

"Marahaba mwanangu. Mmekula?"

"Bado, mama. Tunauliza eneo hili. Ni lako?"

Alicheka. "Langu? Hapana. Mimi naliangalia tu."

"Kwa hiyo mwenyewe nani?"

"Wote hao," alisema, akanyoosha mkono chini kwenye mapaa ya nyumba. "Hata huyu Anatoli. Muulize."

Mpimaji akanitazama. Alikuwa ananiuliza kweli, kwa nia njema. Hakuwa mtu wa kwetu, angejuaje. "Karani, hapa niandike nini?" Nami, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimebeba mzigo wa nyasi za mama yangu kutoka pale hadi shingo ikawasha, nilisema aandike eneo la wazi. Alisema fomu inataka na matumizi. Nikasema haitumiki. Mama Domina alikuwa amesharudi kwenye magugu yake. Najitetea kwamba siku ile sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na njaa, jua kali, na kueleza habari za fundo la nyasi mbele ya kifaa kile kungenifanya nionekane mshamba. Nia mbaya ilikuja baadaye, na ilikuja kupitia ule ukuta usiofika juu.

Ilikuwa mchana, mvua imetufungia wote ndani. Nilisikia Mzee Sirili akimwambia mtendaji kwamba eneo la wazi kisheria ni eneo la kugawa, na kwamba waombaji wapo, watu wa maana, watapanda mikaratusi na miaka michache tu lori la mirunda litakuwa linapakia mlangoni. Mtendaji aliuliza, "Na Mama Domina?" Mwenyekiti akasema, "Mama Domina amesema kwa mdomo wake si lake. Karani kaandika." Wakacheka kidogo, si kicheko kibaya sana, kicheko cha watu walioona jambo gumu limekuwa jepesi. Mtendaji akasema watu watalia nyasi. "Mla ni mla leo," Sirili alijibu, "mla jana kala nini?" Kisha akasema, sauti imepanda kidogo: "Na huyo kijana mpeni kipande cha chini, kile cha kwenye chemchemi. Anayeandika vizuri hivyo asiachwe na njaa." Walijua nasikia. Walikuwa wamekaa katika chumba kile miaka yote, walijua ukuta unaishia wapi. Nilichopaswa kufanya ni kukohoa, kuburuta kiti, kuingia mle ndani na kusema hapana. Nilichonga penseli.

Sitaki kujifanya nilikuwa mnyonge. Nilikitaka kile kipande. Nilikuwa wa nne kwa wavulana, shamba la nyumbani lilikuwa limeshakatwa vipande ambavyo ukitandika mkeka miguu inatokea kwa jirani, na palikuwa na msichana wa kutoka Kirushya ambaye kwao hawangenisikiliza nikienda mikono mitupu. Ndiye aliyedhani nimeumwa na nyoka. Kwa hiyo tangazo lilipotakiwa kuandikwa, lile linalobandikwa mwezi mzima ili mwenye pingamizi aje, niliandika mwenyewe kwa mkono wangu mzuri. Orodha ndefu ya mashamba na wenyewe. Na katikati, mstari mmoja: eneo la wazi la mlimani pamoja na chemchemi na bonde lake, kugawiwa waombaji wafuatao, na jina langu mwishoni mwa majina. Sikuuficha. Uliandikwa kwa ukubwa ule ule wa mistari mingine. Nilijua tu kwamba kila mtu atatafuta jina lake, akiliona atarudi nyumbani ameridhika, na wachache walioziona habari za Mlima walidhani mwangalizi anajua.

Wiki ya pili Mama Domina alikuja ofisini. Ilikuwa saa saba, wenzangu wameenda kula. Alikuwa na kikapu kidogo, ndani yake bakuli la ndizi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba, bado zinatoa moshi. Alikuwa na tabia hiyo. Alijua nashinda pale bila chakula, na alikuwa akinihesabu kama mtoto wake kwa sababu ya kusoma pamoja na Domina. Alikaa kwenye benchi, akakunja mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, kuna karatasi hapo mlangoni. Nisomee," alisema. Alikuwa na ulimi wa kwetu, unaobadilisha r na l bila kuomba ruhusa. "Nisomee pore pore, nisije nikapitwa."

Nilitoka, nikalibandua tangazo, nikaingia nalo, nikalisoma. Nilisoma pole pole kama alivyoomba. Nilisoma shamba la fulani linapakana na fulani, kaskazini minyaa, kusini njia. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jina, kama mtu anayesikiliza litania. Nikafika kwenye mstari ule. Nakumbuka jicho langu lilivyouona kabla sijaufikia, na nakumbuka kwamba palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kuamua, pengine pumzi mbili. Nikauruka. Nikasoma mstari uliofuata, shamba la mjomba wake mwenyewe, sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikamaliza.

"Ndiyo yote?" aliniuliza.

"Ndiyo yote, mama."

Alinitazama. Si kwa muda mrefu. "Haya," alisema. "Kula, zitapoa."

Nikala. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, kuliko hata mstari wenyewe. Nilikula zile ndizi zote mbele yake, zilikuwa tamu, nikaosha bakuli kwa maji ya chemchemi yaliyokuwa kwenye ndoo ya ofisi, nikamrudishia na kumshukuru. Alisubiri hadi nilipomaliza kwa sababu alihitaji bakuli lake.

Mwezi ukaisha bila pingamizi hata moja, nikaandika hivyo: hakuna pingamizi. Halmashauri ya kijiji ikapitisha. Siku majembe yalipopanda Mlimani ilikuwa msimu wa fundo, nalo lilikuwepo, limefungwa katikati ya njia kama kila mwaka. Tulisimama pale, wanaume wazima wenye hati zinazokuja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulivuka. Mama Domina alipanda kutoka nyumbani kwake na mundu. Nilidhani atatulaani, na nadhani wengi walidhani hivyo, maana walianza kurudi nyuma. Alituamkia mmoja mmoja kwa jina. Kisha akainama, akavikata vile vishungi viwili chini kabisa, fundo likiwa bado limefungwa, akalichukua mkononi kama mtu aliyechuma mboga, akashuka. Hakuangalia nyuma. Mzee Sirili akasema, "Haya, kazi," na kazi ikaanza.

Kipande changu, kwa vipimo, kiliingia bondeni na kuchukua yale matuta yake ya maharage. Sikumfukuza. Sikumwambia neno. Nilipanda mche wa kwanza wa mkaratusi hatua tatu kutoka kwenye tuta lake la mwisho, basi. Msimu ule alivuna, akang'oa vijiti vyake, na kabla mwaka haujaisha akahamia Nyakahura alikoolewa Domina. Mali yake yote ilienea kwenye mkokoteni mmoja. Nilipata habari kwamba ameondoka siku mbili baadaye, sokoni, kutoka kwa mtu aliyekuwa anazungumza na mwingine.

Yaliyofuata yako wazi kwa yeyote anayefika kwetu leo. Mikaratusi ilikua kwa kasi, sikatai, na nilioa, na nyumba yangu ina bati. Matete ya bondeni yalipungua kwanza. Kisha ndoo iliyokuwa ikijaa huku unajifunga kanga ikawa inakufanya ukae chini kusubiri, kisha wanawake wakaanza kugombania zamu, kisha kiangazi kimoja chemchemi haikutoa kitu, na sasa watoto wetu huteka maji kijiji cha pili. Migomba bila nyasi ikawa myembamba, na ugonjwa wa mnyauko ulipokuja ulikuta wagonjwa tayari. Baadhi ya waliogawana nami wameuza vipande kwa watu tusiowajua hata sura, na vijana waliozaliwa mwaka ule, ambao hawakuombewa na yeyote, wanatuuliza kwa nini mlima mzima una majina ya wazee kumi na mmoja. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu, na jibu lake liko kwa mwandiko wangu.

Basi nilikaa kwenye kile chumba Nyakahura, sahani mapajani, fundo juu ya mlango. Ndani ya koti nilikuwa na hati yangu ya kimila, nimeitoa sandukuni asubuhi ile bila kujua nitaifanyia nini. Domina aliingia, akakaa kitandani pa mama yake. Amenenepa, ana macho yale yale. Nilimwambia nina jambo la kuungama. Nilimwambia habari za tangazo na mstari. Nililisema lote kwa mkupuo mmoja, nikitazama sakafu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nyumbani wiki ile, nimekuja kumsalimia. Asubuhi nilipita ofisini nikalisoma tangazo. Nikamsomea mama neno kwa neno. Alijua kabla hajaja kwako."

Sikuelewa. Nilimuuliza, kama alijua, alikuja kufanya nini.

"Alitaka kuweka pingamizi. Pingamizi linaandikwa na karani, si ndivyo? Nilimwambia mimi nitamwandikia. Akasema hapana, Anatoli ataandika, ni mtoto wangu, mwache kwanza anisomee ili alione mwenyewe." Domina alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Aliporudi alinipa bakuli. Nikamuuliza, ameandika? Akasema, 'Ameruka.' Nikataka kuja kukutukana. Akanikataza. Akasema kama mtoto aliyekula kwangu amekubali, basi kijiji kimekubali, nitampinga nani?"

Nje watu walikuwa wanaimba wimbo wa Bikira Maria. Nilitoa hati mfukoni, nikamwekea juu ya kitanda, nikamwambia nataka kumrudishia. Hakuigusa. "Mimi? Si yangu," alisema. "Kairudishe kwa wenyewe."

Nilienda ofisi ya ardhi ya wilaya wiki iliyofuata. Nilihudumiwa na binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, mwepesi, mwenye heshima. Nilimweleza kwamba nataka kurudisha ardhi kwa kijiji, iandikwe kuwa ya pamoja, isigawiwe, iwe na mwangalizi. Nilidhani atashangaa. Alivuta droo, akanipa fomu. Alisema hiyo ya ardhi ya pamoja imekuwepo tangu zamani, inakuja ndani ya bunda moja na zile nyingine. "Karani wenu wakati ule hakuiona?" aliniuliza. Nikamwambia hakufika mwisho wa bunda. Kati ya wale kumi na mmoja, niliyefanikiwa kumshawishi hadi sasa ni mmoja, naye ni kwa sababu ameshavuna mirunda yake mara tatu na udongo umechoka. Mzee Sirili alikwisha kufa. Watoto wake wameniambia niache kuwatia watu wazimu. Nimekata mikaratusi yangu, na visiki vinachipua tena kila mvua, nami nakwenda kuvikata tena. Chemchemi haijarudi. Watu wa maji wameniambia inaweza kuchukua miaka, na inawezekana isirudi kabisa, na sina mtu wa kumlalamikia.

Fomu ilihitaji jina la mwangalizi, na mwangalizi athibitishe kwa saini. Nilimwandikia Domina barua kumwomba awe yeye. Alikuja mwezi uliopita, akalala kwa shangazi yake, asubuhi akafika kwangu. Mke wangu alipika ndizi na maharage; sikumwambia apike hicho, ndicho kilichokuwepo. Nilimpa karatasi na kalamu. Domina ana macho mazuri kuliko yangu, hata miwani havai, na amesoma darasa lile lile nililosoma mimi. Aliirudisha karatasi mezani mbele yangu.

"Nisomee," alisema.

Nikavaa miwani. Nikasoma jina la kijiji, mipaka, minyaa upande wa kaskazini, njia upande wa kusini. Nikasoma matumizi: nyasi na maji, kwa wote. Kisha nikafika mahali fomu inapouliza mwombaji aliipataje ardhi hiyo, pale ambapo nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu ule ule. Niliusoma na mstari huo. Nilisoma kwamba niliipata kwa kuruka mstari nilipokuwa namsomea mwangalizi wake, Skolastika, aliyeniamini.

Domina hakushika kalamu.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.